Someni kwa Lafudhi Zenu

Macho ya Baba yalianza kufunga pembeni. Alikuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango, akikosa kikombe alichowekewa upande wa kushoto, na sote nyumbani tukasema ni uzee. Daktari alipompima akatuambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula mshipa wa jicho polepole bila maumivu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki hakikutosha kusomea. Mtu aliyefundisha Kiswahili na Kiingereza kwa miaka 34, aliyenunua gazeti hata wiki ambazo mboga ilikuwa ya shida, akawa anakaa barazani na gazeti limekunjwa mapajani, analipapasa tu.

Kilichomrudishia vitabu ni memori kadi. Binti yangu aliye chuoni alipakua riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, sura zote 59, akazitia kwenye kadi na kuichomeka kwenye redio ndogo ya babu yake, zile za mkononi ambazo wazee wengi hutembea nazo. Hakulipia chochote isipokuwa bando. Baba aliwahi kuisoma riwaya hiyo alipokuwa chuo cha ualimu, katika nakala isiyo na jalada iliyopita mikono mingi. Sasa akawa anasomewa na mtu asiyemjua, kutoka nchi asiyoweza kuibashiri. Siku ile ya kwanza hakugusa chakula cha mchana mpaka Mama alipokwenda kuizima redio mwenyewe.

Sauti ile ilitoka LibriVox. Ni mradi ulioanzishwa Agosti 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, kwa wazo ambalo ukilisikia unashangaa halikuja mapema zaidi. Kitabu kikishamaliza muda wake wa hakimiliki kinakuwa mali ya kila mtu. Basi kwa nini kila mtu asiweze kukisoma kwa sauti, na kila mtu mwingine akakisikiliza, bila fedha kupita katikati? Maandishi tayari yalikuwepo. Mmarekani Michael Hart alikuwa ameanza mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kuchapa maandishi ya zamani kwenye kompyuta na kuyagawa bure. Hazina hiyo ndiyo Project Gutenberg. Mahali pa kuhifadhi sauti napo palikuwepo, Internet Archive, iliyoanzishwa 1996. Kilichokosekana ni watu wa kufungua vinywa. Wakafungua. Leo kuna rekodi zaidi ya 15,000, na rekodi zenyewe zimewekwa katika milki ya umma kama vitabu vilivyosomwa, kiasi kwamba unaweza kuzinakili, kuzigawa msikitini au kanisani, kuzipiga kwenye basi la mkoani, na hakuna atakayekuuliza.

Nilitaka kujua kazi hiyo inafanywaje, nikaifuatilia. Anayetaka kusoma hafanyiwi usaili. Anarekodi dakika moja ya majaribio ili wenzake wahakikishe kipaza sauti hakivumi na sauti haiko chini mno. Anachagua sura. Anarekodi nyumbani kwake, mara nyingi kwa Audacity, programu ya bure. Mwanzoni anatamka kwamba hii ni rekodi ya LibriVox na iko katika milki ya umma, anasoma, mwishoni anaacha sekunde tano za kimya. Kisha faili linakwenda kwa mtu mwingine, naye wa kujitolea, ambaye kazi yake ni kusikiliza kila neno tangu mwanzo hadi mwisho na kuandika makosa: dakika ya nne umerudia sentensi, dakika ya saba mbwa amebweka, dakika ya kumi na moja umeruka mstari. Anamrudishia msomaji arekebishe.

Kazi ya mhakiki huyo inaishia hapo. Hamwambii msomaji kwamba lafudhi yake si nzuri. Hamwambii aongeze hisia, apunguze kasi, atamke kama watu wa London. Msomaji akitaka ushauri wa namna hiyo aombe mwenyewe, asipoomba, hapewi. Ukisoma maneno yote yaliyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, kazi yako imepita.

Hiyo ndiyo kanuni iliyonifanya niandike makala haya. Mwanzoni niliiona ni udhaifu wa mradi mzima.

Nilikwenda nyumbani likizo nikamkuta Baba ameshamaliza Dickens na yuko kwenye kitabu kingine, The Secret Agent cha Joseph Conrad. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kabisa ambacho LibriVox ilikirekodi, na kilisomwa kwa kugawana sura, kila mmoja na sehemu yake. Ukisikiliza mfululizo, hadithi ni moja lakini koo zinabadilika: huyu anakwenda taratibu kama anayepanda ngazi, yule anakimbia, mwingine anavuta irabu ambazo mwenzake alizikata. Nilimwambia Baba kwamba ningemtafutia rekodi ya kulipia, iliyosomwa na mwigizaji wa Uingereza, mwenye Kiingereza chenyewe. Hakunitazama; siku hizi hutazama upande wa sauti, si wa mtu. Akasema, "Mwanangu, na mimi miaka 34 nilifundisha kwa Kiingereza cha nani?"

Sikuwa na jibu, na swali lile halikuondoka.

Nilizaliwa Shinyanga. Nilipokuwa na miaka tisa Baba alihamishiwa mkoa wa Tanga, na mwezi wa kwanza katika shule mpya mwalimu aliniita mbele nisome kipande cha habari kuhusu ujenzi wa barabara na reli. Nilisoma kama nilivyojua: balabala, leli. Darasa lilicheka mpaka madirisha ya jirani yakajaa vichwa. Mwalimu hakunitetea, alinirudisha kitini na kumwita mtoto wa pwani asome badala yangu, ili "tusikie Kiswahili". Nilijifunza kutenganisha r na l kwa kujifungia chooni na kurudiarudia maneno. Nilifaulu. Leo hakuna anayeweza kunitambua nikizungumza. Lakini tangu siku ile hadi juzi, kwa zaidi ya miaka 40, sikuwahi kusoma kitu kwa sauti mbele ya watu, si msibani, si harusini, si ibadani. Nikiombwa, husema nina mafua.

Nikiwasimulia marafiki jambo hili hugundua kwamba kila mmoja ana lake. Mluhya aliyeitwa mbele Mombasa akachekwa. Mkongo wa Bukavu anayeambiwa Dar es Salaam kwamba Kiswahili chake "kimevunjika", wakati ndicho alichonyonya na ndicho mama yake alichombembelezea. Hata mtu wa Lamu, mwenye lahaja iliyobeba ushairi wetu wa kale, akifika bara huambiwa anaongea maneno ya ajabu. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, tulipata tahajia moja, kamusi, vitabu vya shule vinavyosomeka Kigoma na Kisumu vilevile. Sibezi hata kidogo faida hiyo. Makala haya yasingeandikika bila hiyo. Lakini usanifu ulikuwa wa maandishi. Sisi tukauhamishia kwenye koo, tukaufanya kipimo cha nani ana haki ya kufungua kinywa na nani akae kimya asikilize wenyewe.

Ndiyo maana uteuzi wa kitabu cha kwanza cha LibriVox umenikaa moyoni. Conrad hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1857 na wazazi Wapoland, katika ardhi ambayo leo ni Ukraine, jina lake likiwa Korzeniowski. Kifaransa kilikuwa lugha yake ya pili. Kiingereza alikijia ukubwani, akiwa baharia mwenye umri wa miaka zaidi ya ishirini, akakiokota kwenye meli kutoka kwa mabaharia wenzake. Akaja kuandika nathari ambayo Waingereza wenyewe huihesabu miongoni mwa bora walizonazo, na mpaka anakufa mwaka 1924 aliizungumza lugha hiyo kwa lafudhi nzito ya Kipoland ambayo wageni walitatizika kuifuata. Sisi Waafrika tuna kesi yetu na Conrad kuhusu alivyoiandika Kongo. Mwandishi Chinua Achebe aliifungua hadharani mwaka 1975 na mimi siifungi hapa. Ninachosema ni hiki tu: kama angefanyiwa usaili wa kusoma kitabu chake mwenyewe kwa sauti, kwa vigezo vya mwalimu wangu wa darasa la tatu, angerudishwa kitini.

Kuna sadfa nyingine inayomhusu. Huko Uingereza, vitabu vya kusikiliza vya wasioona vilianza kutolewa mwaka 1935 kwenye santuri, vikiwafikia pia wanajeshi waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miongoni mwa vya mwanzo kabisa kilikuwemo Typhoon, cha Conrad huyohuyo. Miaka 70 baadaye, kwenye intaneti, LibriVox wakaanza naye tena, bila shaka pasipo kukusudia. Yule ambaye ulimi wake haukukubalika kikamilifu popote akawa miongoni mwa waliotangulia kuwafikia wanaosoma kwa masikio.

Nirudi kwa Dickens, maana Baba alirudi pia. Alipomaliza kitabu chote alimwomba binti yangu amrudishie sura ya 37, akaisikiliza mara tatu. Katika sura hiyo kijana Pip anakwenda Jumapili kumtembelea Wemmick, karani wa wakili, anayeishi Walworth na baba yake mzee asiyesikia. Kwenye nyumba hiyo ndogo kuna desturi: jioni mzee hupewa gazeti awasomee watu kwa sauti. Hakuna anayehitaji zile habari. Mzee hasikii hata sauti yake mwenyewe. Inabidi achungwe asije akaunguza gazeti kwenye mshumaa, na kila akiinua macho wote wanatikisa kichwa, ili aone kuwa wanamfuata. Nilidhani Baba anaipenda sura ile kwa sababu ya kuwaonea huruma wazee. Aliponieleza, nikakuta ameona zaidi yangu. "Yule mzee hawapi habari," alisema. "Anawapa kule kusoma. Nao wanampa kule kusikiliza."

Dickens alilijua jambo hilo kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1853 alipanda majukwaani kusoma hadithi zake mbele ya umati, kazi aliyoendelea nayo hadi Machi 1870, miezi michache kabla ya kufa. Riwaya zake zilitoka kwa vipande vya kila wiki au kila mwezi, na katika nyumba nyingi mmoja ndiye aliyesoma na wengine wakasikiliza, akiwemo mtumishi asiyejua herufi. Kwa hiyo anayesema kwamba kusikiliza kitabu si kukisoma, kwamba ni njia ya mkato ya wavivu, anawanyang'anya usomaji watu walewale ambao riwaya hizo ziliandikwa wakiwa wanazisubiri. Hoja hiyo sitaipa nafasi zaidi. Mtu asiyeona akishamaliza sura 59 hahitaji cheti kutoka kwa mwenye macho.

Ipo hoja yenye uzito zaidi, nayo ni ya mashine. Mwaka 2023 Project Gutenberg, kwa ushirikiano na kampuni ya Microsoft na watafiti wa chuo cha MIT, ilitoa vitabu karibu 5,000 vilivyosomwa na sauti za kompyuta, navyo ni bure vilevile. Sauti hizo haziumwi koo, haziruki mstari, wala mbwa habweki nyuma yake. Kwa mwanafunzi asiyeona anayetaka kitabu cha kemia usiku wa kuamkia mtihani, mashine ni neema na nisingependa mtu amzuie. Lakini nilimwekea Baba riwaya moja ya namna hiyo. Aliisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni rasmi, kisha akaomba arudishiwe "yule mama anayekohoa". Yule mama, katika sura fulani, alikuwa ameshikwa na kikohozi kidogo akakimeza na kuendelea. Baba alikwisha kumfanya jirani. Alikuwa akijiuliza kama amepona.

Sasa swali langu kwa sisi wenyewe. Sehemu kubwa kabisa ya hazina ya LibriVox ni ya Kiingereza, na sababu inaeleweka: ndiko kuliko na vitabu vingi vilivyokwisha kuchapwa na watu wengi wenye mtandao wa haraka. Lakini Kiswahili hakina visingizio vyote tunavyokipa. Tunavyo vitabu vyenye umri. Askofu Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Unguja, kwa Kiswahili na tafsiri yake. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli, ndani yake Salim bin Abakari akisimulia alivyosafiri Urusi na Siberia. Msafiri huyo anaeleza baridi ya Siberia kwa Kiswahili, miaka zaidi ya 120 iliyopita, na watoto wetu hawajawahi kumsikia. Mwaka 1903 ikatoka Desturi za Wasuaheli, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927. Michezo ya watoto, ngoma, harusi, uganga, mazishi, yote kwa Kiswahili cha Mrima, kilichoandikwa kabla ya kamati yoyote kuamua kipi sanifu na kipi si sanifu.

Hapo sijagusa ushairi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye Al-Inkishafi, alitangulia kabla yao. Hizi hazikuwa kazi za kusomwa kimya kitandani. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu ili mwenye sauti azighani na wengine wakae chini wasikilize. Ukurasa ulikuwa msaada wa koo. Sisi tukazigeuza maswali ya mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukuhesabia mizani nane kwa kila mshororo wa utenzi bila kuwahi kusikia utenzi mmoja ukighaniwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Waliokuja baadaye wanahitaji uangalifu wa sheria. Kenya na Tanzania Bara huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, na LibriVox hufuata sheria ya Marekani. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kwa hiyo miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Lakini matoleo ya sasa yana wachapishaji wake, na familia ipo. Aulizwe kwanza mwenye kuulizwa, kwa barua na kwa heshima. Wala sisemi vitabu vipya visomwe bure. Mwandishi aliye hai anakula kwa kalamu yake, na msomaji wa studio anakula kwa sauti yake. Ninazungumzia wale ambao warithi wao wamekuwa ni sisi sote.

Nikilitaja wazo hili kwa watu wa lugha, jibu la kwanza huwa: nani atasoma? Wanamaanisha, nani ana Kiswahili cha kufaa. Utendi wa Mwana Kupona umo katika Kiamu, lahaja ya Lamu. Msukuma akiusoma ataharibu. Nimelifikiria pingamizi hilo kwa muda mrefu kwa sababu linanihusu, na nakubali nusu yake. Utendi una mahadhi, na mahadhi hayo wanayo watu wa Lamu na Mombasa waliorithishwa na bibi zao. Waombwe, na kama kuna fedha mahali popote walipwe, waughani wangali hai. Hilo ni la haraka kuliko yote niliyoandika hapa. Nusu nyingine siikubali. Katika LibriVox kazi moja huweza kuwa na rekodi kadhaa. Riwaya za Jane Austen zimesomwa upya na upya, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Rafu ya sauti haina upana wa kujaa. Bibi wa Lamu aghani, na mwalimu wa Kahama asome kwa ulimi wake, na muuguzi Mswahili aliyeko Muscat, na dereva wa Goma. Msikilizaji atachagua. Na huenda mtoto wa Kahama akasogea karibu na Mwana Kupona kwa sababu amesikia sauti inayofanana na ya shangazi yake ikimsoma.

Vifaa si kikwazo kikubwa tena. Simu ya kawaida inarekodi vizuri vya kutosha. Chumba chenye godoro, mapazia na kabati la nguo hunyonya mwangwi. Usiku wa manane, majirani wakilala na jogoo hajaanza, unapata saa mbili za utulivu. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha LibriVox ni kama MB 58, na ukiiminya nusu bado inasikika. Kadi moja ndogo hubeba vitabu vya kumtosha mzee mwaka mzima, na kadi hupita mkono kwa mkono mahali ambapo bando halifiki.

Mwezi uliopita nilikaa mwenyewe. Nilichukua Desturi za Wasuaheli, nikachagua sehemu moja fupi, nikafunga mlango wa chumba cha kulala na kutundika blanketi. Mara ya kwanza nilisimama baada ya aya mbili, mikono ikitetemeka; nilikuwa nasikia vicheko vya dirishani. Mara ya nne nilifika mwisho. Nikaacha sekunde tano za kimya kama wanavyofanya wao, na katika zile sekunde nikasikia feni, na pikipiki ya mbali, na pumzi yangu. Sikusikiliza nilichorekodi. Nilijua nikisikiliza nitafuta. Nikaitia kwenye kadi, nikaifunga kwa karatasi ndani ya kiberiti, nikaikabidhi kwa basi la asubuhi.

Baba alipiga simu kesho yake usiku. Nilisubiri aseme kuhusu sauti yangu. Alinisalimia, akauliza hali ya wajukuu, akaniambia mvua zimeanza.

"Ile sehemu yako," akasema, "kuna mahali maana inakatika. Karibu na katikati. Nadhani umeruka mstari."

Nikafungua kitabu nikiwa bado kwenye simu. Nilikuwa nimeruka mstari.

"Umeuona?"

"Nimeuona, Baba."

"Basi rudia pale tu, mwanangu. Kwingine kote umesoma."